Kelele ya Bati Chini ya Gari

Katika kelele zote ambazo gari linaweza kutoa, sijui inayotisha bure kuliko ile ya bati la kukinga joto la ekzosi, yaani bomba la moshi. Bati lenyewe ni jembamba, mara nyingi halifiki unene wa milimita moja, halibebi uzito wowote, na mwenye gari anaweza kuendesha miaka mingi bila kujua kwamba lipo. Likilegea boliti moja tu, hata hivyo, hutoa mlio mkali wa chuma kwa chuma unaomfanya dereva aamini kwamba injini inakufa au gia boksi inasagika. Hofu hiyo ndiyo inayogharimu, kwa kuwa mwenye hofu hukubali kila anachoambiwa: leo injini mauntingi (raba zinazoshikilia injini), kesho stabilaiza linki (kijiti cha kiungo karibu na gurudumu), kesho kutwa ekzosi nzima, na kelele ikabaki palepale. Kulifunga bati ni kazi ya spana moja na subira. Kazi kubwa ni kuthibitisha kwamba kweli ni bati, na baada ya hapo kukataa ushauri wa kuling'oa na kulitupa.

Gari ninalolizungumzia ni dogo la Kijapani, lenye injini ya sisi 1,500 na silinda nne, lililoletwa nchini likiwa limekwisha kutumika kama yalivyo magari mengi tunayoyaona katika foleni za Dar es Salaam. Kelele ilianza kusikika asubuhi, gari likiwa limesimama kwenye taa, gia ya otomatiki ikiwa kwenye D, yaani ya kwenda mbele, mguu kwenye breki na kiyoyozi kimewashwa. Ilikuwa kama sufuria linalochemka huku kifuniko chake hakikukaa sawasawa: mlio mwepesi, wa haraka, usiokuwa na mdundo mmoja. Nikiweka gia kwenye N, yaani huru, kelele ilipungua au kunyamaza kabisa. Nikiondoka, ilipotea, geji ya mizunguko ilipokaribia 2,000 ilirudi kwa muda mfupi, kisha ikapotea tena kadiri nilivyozidi kukanyaga mafuta. Kilichoudhi zaidi ni kwamba mchana, baada ya safari ndefu, haikusikika hata kidogo, na fundi niliyempelekea gari saa nane alitega sikio, akafungua boneti, akatega tena, kisha akaniambia, “Bosi, mbona gari lako liko kimya?”

Tabia hiyo ya kuja na kuondoka ina maelezo yake. Injini ya silinda nne ya aina tunayotumia kila siku huchoma mafuta mara mbili katika kila mzunguko. Ikizunguka mara 750 kwa dakika, kama inavyofanya gari likiwa limesimama, hupiga mipigo 25 kwa sekunde. Ikifika mizunguko 2,000, mipigo hukaribia 67 kwa sekunde. Kila kipande cha bati kilichoshikwa vibaya kina mtetemo wake wa asili, yaani kasi ambayo hupenda kutikisika nayo kikiguswa. Mipigo ya injini ikikutana na kasi hiyo, bati huanza kucheza na kugonga bomba. Ikiipita, bati hutulia. Ndiyo maana kelele ya bati hukaa kwenye mizunguko fulani na kutoweka kwenye mingine, tofauti na beringi ya gurudumu iliyokufa, ambayo ngurumo yake hufuata mwendo wa gari na wala haijali injini inazunguka vipi. D na kiyoyozi vinaingia hapa kwa sababu vyote viwili huitwisha injini mzigo wakati inazunguka polepole, ikatetemeka zaidi na kuegemea kidogo kwenye mauntingi zake. Ekzosi, ambayo imefungwa kwenye injini hiyo hiyo, hutetemeka pamoja nayo.

Ukimya wa mchana nao unaeleweka. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Bati la alumini lenye urefu wa sentimita 40, likiongezewa nyuzi 100 za joto, hurefuka kwa karibu milimita moja, wakati chuma cha urefu huo huo hurefuka kwa nusu yake tu. Tofauti hiyo ya nusu milimita inatosha kabisa kuziba mwanya uliokuwa ukipiga kelele asubuhi, au, katika gari jingine, kuufungua mwanya ambao haukuwapo. Kwa hiyo mwenye gari la namna hii asikubali kuambiwa kwamba anasikia vitu visivyokuwapo. Aliache gari gereji lilale, ili fundi aliwashe mwenyewe alfajiri likiwa baridi.

Kabla ya kuingia chini ya gari, ni lazima kujua kama kelele inaihitaji barabara au inaihitaji injini. Jambo hili ni jepesi mno kiasi kwamba watu hulidharau. Gari lisimamishwe mahali tambarare na pa wazi, kamwe lisiwe ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wa petroli una kaboni monoksidi ambayo haina harufu na huua. Breki ya mkono ivutwe, magurudumu yazuiwe kwa mawe au vipande vya mbao, kisha mtu mmoja akae ndani na kukanyaga mafuta polepole sana huku mwingine akizunguka gari akisikiliza. Kelele ikitokea gari likiwa limesimama, basi shokapu, bushi, stabilaiza linki na mabati ya breki si vya kushukiwa tena. Hayo yote huhitaji gari litembee au lipite kwenye tuta. Isipotokea kabisa, na ikawa husikika tu kwenye matuta na barabara za mtaa zenye mashimo, bado bati linaweza kuwa ndilo, lakini hapo ningeanza kukagua miguu ya mbele, yaani shokapu na bushi zake, kwanza.

Inayobaki ni kutenganisha kelele za ndani ya injini, kelele za ndani ya ekzosi, na kelele za nje ya ekzosi. Cheni ya taimingi iliyolegea hulia sekunde za mwanzo baada ya kuwasha gari lililolala, kisha hunyamaza oili ikishapanda; anayeisikia aache kabisa habari za mabati na ashughulike na injini. Ekzosi inayovuja ina sauti ya kupumua, ya hewa inayosukumwa kwa vipindi, na ukichunguza kwenye maungio utaona masizi meusi. Masega ya kusafisha moshi (katalitiki) yaliyovunjika ndani ya kopo lake ndiyo yanayochanganya watu zaidi, kwa sababu nayo hulia chini ya gari, nayo hulia gari likiwa limesimama. Tofauti yake ni kwamba sauti ni nzito na inatoka ndani, na mara nyingi huandamana na gari kukosa nguvu, kwa sababu vipande vilivyovunjika huziba njia ya moshi. Sailensa ya nyuma ikioza vigawanyo vyake vya ndani hutoa sauti ya aina hiyo pia, ila huko nyuma.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni ngumi. Gari likiwa limelala usiku kucha, ekzosi ikiwa baridi kabisa, vaa glavu ngumu na ugonge kila kipande kuanzia mbele kwenda nyuma, bila kutumia nguvu. Bomba lililo salama hutoa mlio mfupi, mzito. Masega yaliyovunjika hujibu kwa kucheza ndani. Bati lililolegea hutoa mlio wa bati, hakuna jina lingine la kuuita, na huendelea kutetemeka kidogo baada ya mkono kuondoka. Ninasisitiza ubaridi kwa sababu masega huanza kufanya kazi yake ipasavyo yakishapita nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, na katika safari ya kawaida hupanda kwa mamia zaidi ya hapo. Kopo la masega likiwa moto halina rangi yoyote ya kukuonya.

Baada ya ngumi, mimi hupenda kutumia mpini wa ufagio. Injini ikiwa inaunguruma na kelele inasikika, unapiga magoti kando ya gari, bila kuingia chini yake, na kubonyeza bati moja baada ya jingine kwa ncha ya mti. Ukibonyeza lile lenye kosa, kelele hukatika hapo hapo, ukiachia, hurudi. Kwenye gari langu kelele ilikatika nilipobonyeza kona ya nyuma ya bati lililo juu ya masega, upande wa kushoto, na ilipungua kwa kiasi kidogo nilipobonyeza bati la bomba la kati, nikajua kwamba nina matatizo mawili, moja kubwa na moja dogo. Mti ni bora kuliko bisibisi ndefu wanayoitumia mafundi wengi, kwa sababu haupitishi joto mkononi na hautoboi bati ambalo tayari limechoka.

Kuhusu kuingia chini ya gari sina maneno mengi: jeki ni ya kuinulia, haitumiki kushikilia. Gari likae juu ya stendi nne imara au juu ya shimo la gereji, na anayefungua boliti asiwe chini ya gari ambalo injini yake inawaka. Gereji nyingi za mitaani zina shimo, na kukodi nafasi hapo kwa saa moja ni nafuu kuliko kununua stendi.

Nilipoliangalia bati lile kwa karibu, niliona kwamba halikulegea kwa sababu boliti ilifunguka. Boliti ilikuwa mahali pake, imekaza, tena imeshika kutu kiasi kwamba isingefunguka yenyewe hata ingetaka. Kilichokwisha ni bati. Tundu ambalo lilitobolewa kiwandani likiwa duara la kutosha boliti ya milimita sita lilikuwa limelika na kuwa mviringo mrefu, kingo zake zimepasuka mahali pawili, na kichwa cha boliti kilikuwa kikipita ndani yake bila kugusa pande zote. Kuzunguka tundu kulikuwa na unga mweupe, mkavu, unaoacha alama kwenye kidole, na chini ya unga huo alumini ilikuwa imekuwa na vijishimo. Sentimita chache kutoka hapo, ukingo wa bati ulikuwa na mstari mmoja mwembamba unaong'aa, wakati sehemu nyingine zote zilikuwa na rangi ya vumbi: hapo ndipo bati lilipokuwa likigonga kopo la masega, likijisugua lenyewe.

Unga ule mweupe ndio kutu ya alumini. Alumini ikikaa peke yake hujilinda vizuri, lakini ikibanwa na boliti ya chuma mahali penye unyevu na chumvi, vyuma hivyo viwili huanza kufanya kazi ya betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Chumvi hatuikosi. Hewa ya pwani inayo. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na vijana wanaoosha magari huyapuliza maji hayo hayo chini ya gari kwa presha kubwa, mteja akishukuru kwamba ameoshewa mpaka uvunguni. Gari lililotumika kaskazini mwa Japani, kwenye theluji, linaweza kuwa lilikuja na chumvi yake kutoka huko, kwa sababu barabara za huko humwagiwa chumvi majira ya baridi ili barafu iyeyuke. Ukiongeza matuta, rasta, na mawe ya barabara zetu za ndani yanayogonga uvungu, unapata sababu za kutosha za bati kuachia upande mmoja. Likishaachia upande mmoja, mtetemo wote unahamia kwenye boliti zilizobaki, na hizo nazo zinaanza kukata matundu yake. Kwa hiyo kelele ya bati ikipuuzwa huongezeka, haijawahi kujiponya.

Kazi ya kutengeneza ilianza jioni ya siku iliyotangulia, kwa kupuliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye boliti zote nne ekzosi ikiwa baridi. Mafuta hayo yanahitaji muda wa kupenya, na yasipuliziwe kamwe kwenye ekzosi yenye moto, kwa kuwa yanaweza kuwaka. Asubuhi, kwa boksi spana namba 10, boliti zilifunguliwa kwa kwenda mbele robo na kurudi nyuma robo, si kwa nguvu moja. Tatu zilitoka. Moja ilikatika kichwa, jambo la kutarajiwa kwa boliti nyembamba iliyokaa kwenye joto miaka yote hiyo, na kipande kilichobaki kikatolewa kwa kutoboa.

Dawa ya tundu lililopanuka ni washa pana. Nilinunua washa zenye tundu la milimita sita na upana wa nje wa milimita 30, nikaweka moja juu na moja chini ya bati, ili kile kilichobaki cha alumini kibanwe katikati yake na nguvu isambae kwenye eneo kubwa badala ya kukaa kwenye kingo zilizopasuka. Kabla ya kuzifunga, unga mweupe ulisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka alumini safi ikaonekana. Ukiuacha unga huo chini ya washa, utaendelea kula, na washa italegea baada ya muda mfupi. Boliti mpya zilipakwa grisi ya shaba kwenye meno yake ili siku nyingine zifunguke bila kukatika. Pale ambapo palihitajika nati, nilikataa zile zenye duara la plastiki ndani, ingawa muuzaji wa Gerezani alizisifia kwamba hazifunguki kwa mtetemo. Ni kweli hazifunguki, lakini kwenye baridi. Plastiki ile haikutengenezwa kwa ajili ya joto la ekzosi, ikishalainika imekwisha kazi. Nati ya kujifunga ya chuma kitupu ipo, ni suala la kuuliza duka la pili.

Katika kukaza, mkono mwepesi unahitajika. Boliti ya milimita sita ni ndogo, na hapa haishikilii kitu kizito. Ukiikaza kama unavyokaza nati za gurudumu, utaikata au utalikunja bati mpaka liguse bomba, na hapo utakuwa umeondoa kelele moja na kuleta nyingine. Spana fupi na nguvu za kiwiko tu zinatosha.

Bati la bomba la kati lilikuwa tofauti. Hilo ni la chuma, vipande viwili vilivyoshonwa kwa nukta za kuchomelea na kulizunguka bomba, na nukta mbili za mwisho zilikuwa zimeoza. Hapa hakuna boliti ya kukaza. Nililifunga kwa klipu ndefu ya chuma kisichoshika kutu, ya aina ile inayobana mipira ya rejeta lakini ya kipimo kikubwa zaidi. Kipimo hupatikana kwa uzi: zungusha uzi kwenye bati, pima urefu wake, gawanya kwa 3.14, na jibu ndilo upana wa klipu unayoitafuta. Ukikosa kubwa ya kutosha, nunua mbili ndogo, zifungue, na uziunganishe ncha kwa ncha. Skrubu yake iwekwe ubavuni au juu kidogo, isitazame ardhi, la sivyo jiwe la kwanza au tuta la kwanza litaing'oa. Nayo ibanwe mpaka bati linyamaze na si zaidi ya hapo, kwa sababu kinachokinga joto ni bati pamoja na ule mwanya wa hewa kati yake na bomba. Ukilibana mpaka likalala juu ya bomba, umebaki na bomba nene lenye moto ule ule.

Vyote hivyo, yaani boliti, washa, nati na klipu, havikufika shilingi 20,000.

Najua kwamba katika gereji nyingi bati hili hufungwa kwa waya wa nondo. Sina ugomvi na waya huo kama ni wa kukufikisha nyumbani kutoka Chalinze, lakini haukai. Hushika kutu haraka kwenye joto, hulegea kwa kuwa ni laini, na ukikatika huning'inia. Kamba za plastiki sizizungumzii. Kuchomelea kunafaa kwa bati la chuma, mradi mchomeleaji aweke nukta ndogo tu, terminali ya hasi ya betri iwe imefunguliwa, na asichomelee karibu na tangi la mafuta. Kwa bati jembamba la alumini mashine ya kawaida ya mtaani haitafanya lolote zaidi ya kulitoboa.

Ushauri niliopewa mara nyingi kuliko wowote ni wa kuling'oa. “Bosi, hilo bati tulitoe tu, halina kazi, litakusumbua bure,” ndivyo alivyosema fundi wa pili, naye ni mtu ninayemheshimu na ambaye bado namkabidhi gari kwa mambo mengine. Hoja yake ilikuwa kwamba magari mengi mjini yanatembea bila mabati hayo na hayajaungua. Ni kweli yanatembea. Lakini moshi wa injini ya petroli unapotoka kwenye silinda na kuingia kwenye manifoldi, yaani kipande cha kwanza cha ekzosi kilichofungwa kwenye injini, unaweza kupita nyuzi 800 injini ikifanya kazi kwa nguvu, na joto hilo halikai ndani ya bomba. Juu ya masega, umbali wa sentimita chache, kuna sakafu ya gari, na juu ya sakafu kuna zulia na miguu ya abiria. Pembeni kuna nyaya za sensa ya oksijeni, waya wa breki ya mkono, mabomba ya breki, na kwenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, raba zinazofunika viungo vya ekseli. Huko nyuma kuna tangi la mafuta, ambalo katika magari mengi ya miaka hii ni la plastiki.

Hasara ya kuling'oa bati kwa kawaida haiji kwa moto. Raba ya ekseli hukauka na kupasuka mapema, grisi ikatoka, mchanga ukaingia, na kiungo kikafa. Mwenye gari hununua kiungo kipya na hakuna anayekumbuka kwamba mwaka uliopita kuna bati lilitupwa. Ila siku gari hilo likiwa na silinda isiyochoma vizuri, petroli mbichi huingia kwenye masega na kuungulia humo, na joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Hapo ndipo bati linapokuwa kinga kati ya joto hilo na zulia. Na kuna nyasi. Magari mengi yana bati jingine chini ya masega, linalotazama ardhi, na kazi yake ni moja tu: kuzuia nyasi kavu zisigusane na kopo la moto. Anayeegesha kando ya barabara kule Dakawa au Mikumi mwezi wa Septemba, majani yakiwa yamefika magotini, bati hilo analihitaji kuliko redio.

Hata hivyo sidai kwamba mabati yote yana uzito sawa. La bomba la kati, upande wa chini, kwenye gari ambalo halina kitu cha karibu hapo, nikilazimika ningeweza kuliacha litoke mpaka nipate jingine. La juu ya masega, la chini ya masega, la manifoldi na lile la karibu na tangi sitoi. Likiwa limeoza kabisa kiasi kwamba hata washa pana haina pa kushika, ni heri kutafuta la mtumba kwenye maduka ya spea za kuchinjwa huko Ilala, kutoka kwenye gari la modeli ile ile, kuliko kukata bati la kuezekea. Bati la kuezekea limepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419. Karibu na manifoldi joto hilo si la ajabu, na mvuke wa zinki haufai kuvutwa.

Baada ya kufunga kila kitu, gari liliachwa lilale tena, kisha likawashwa alfajiri: D, kiyoyozi, mguu kwenye breki, kisha N na mizunguko ikapandishwa taratibu mpaka 3,000. Palinyamaza. Kwa safari ya kwanza kulikuwa na harufu ya mafuta yanayoungua na moshi mwembamba uvunguni, nao ni mabaki ya mafuta ya kulegeza kutu na grisi, na ulikwisha ndani ya muda mfupi. Boliti zilikaguliwa tena baada ya wiki kadhaa, kwa sababu alumini iliyobanwa upya hukaa kidogo ikishapata joto na baridi mara nyingi, na mbili kati ya hizo zilihitaji robo ya mzunguko. Ekzosi pia nilihakikisha kwamba inaning'inia vizuri kwenye raba zake, kwa kuwa raba iliyokatika huiacha ikayumba, na bati lililofungwa vizuri kabisa litagonga sakafu lisipoachiwa nafasi ya unene wa kidole.

Bati la karibu na tangi bado limeshika na halilii, lakini boliti zake mbili zimeanza kuzungukwa na ule unga mweupe. Nimekwisha kununua washa zake, na zitafungwa gari litakapoingia shimoni kumwaga oili.